Haki ya Uraia Imefika kwa Mama, Karatasi Zake Bado

Mwezi uliopita dadangu alinipigia simu usiku na kuniuliza swali nililodhani lina jibu jepesi. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Aliolewa Maskati mwishoni mwa miaka ya tisini, akajifungua mtoto mmoja wa kiume huko mwaka 2003, na mumewe alipofariki akarudi nyumbani. Ana nyumba aliyoinunua kwa jasho lake, yenye hati ya umiliki wa kudumu.

"Kaka, nikifa leo mwanangu atakuwa na haki gani juu ya nyumba hii?" akaniuliza. "Yeye ni Muomani kwa babake, lakini mimi ni Mkenya. Kwani yeye si Mkenya?"

Hapa Pwani, ukisikia barazani watu wanazungumza juu ya paspoti ya pili, aghlabu ni kijana anayetaka kwenda zake: London kwa ami, Toronto kwa shangazi, Maskati kwa babu. Swali la dadangu lilielekea upande wa pili. Mtoto ana paspoti ya kigeni tayari, na anachotafuta ni ya kwetu. Nimekaa na swali hilo wiki kadhaa, nikasoma sheria, nikazungumza na wakili na kusikiliza majirani. Nimeona kwamba pande zote mbili, anayetoka na anayerudi, wanakwama mahali pamoja. Haki wanayo, pengine tangu siku waliyozaliwa. Kinachowashinda ni kuithibitisha, na mara nyingi karatasi inayokosekana ni ya mama.

Nianze na sheria yetu wenyewe, kwani wengi bado wanaishi na ile ya zamani vichwani mwao.

Chini ya Katiba iliyotangulia, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia kwa baba. Mama Mkenya aliyejifungulia Maskati, Jeddah au London hakuwa na cha kumrithisha mwanawe upande huo. Aidha, Kenya haikukubali uraia wawili kwa mtu mzima. Ukichukua wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Kenya unakutoka.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mambo hayo. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au babake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Kifungu hicho hicho kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo, mradi mmoja wa wazazi ni raia au aliwahi kuwa raia. Na Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa dadangu ni ndiyo. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 2003, wakati sheria haikumtambua, leo ni Mkenya wa kuzaliwa machoni mwa Katiba. Haombi kufanywa raia kama mgeni aliyeishi hapa miaka saba. Anachoomba ni serikali itambue jambo ambalo Katiba imeshalisema. Tofauti hiyo ni kubwa na nitairudia, maana hata maafisa wengine huichanganya.

Na nyumba je? Kifungu cha 65 kinasema asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mtu asiye raia akirithi nyumba yenye hati ya kudumu, haki yake inashuka na kuwa ya mpangaji wa miaka 99. Kwa familia za Pwani, ambazo ardhi imekuwa kilio chao tangu enzi za wakoloni, hili si jambo dogo. Uraia wa kijana huyu ndio utakaoamua kama kizazi kijacho kitasema nyumba ile ni yetu, au ni yetu mpaka mwaka fulani.

Watu wa bara wakati mwingine hutushangaa. Vipi kila nyumba ya Mswahili ina mtu wa nchi nyingine? Hutuuliza kama vile tumefanya hila. Jibu liko katika historia, na ni vizuri tuliseme bila kuona haya.

Mwambao huu, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na kuanzia mwaka 1895 Mwingereza aliusimamia kwa mkataba kama himaya. Ulikuja kuunganishwa na Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Kabla ya hapo mtu aliyetoka Unguja kwenda Lamu, au Pemba kwenda Vanga, hakuwa akihama kutoka taifa moja kwenda jingine kama tunavyoelewa leo. Akifuata ndugu, samaki, biashara au mke. Kisha mipaka ikakazwa. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yakawaleta wengine Mombasa na kuwapeleka wengine mbali zaidi. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970 akawafungulia mlango wenye asili ya huko warudi, na wengi waliozungumza Kiswahili walikwenda. Baadaye ikaja safari ya Uingereza na Marekani.

Ndiyo maana familia moja ina bibi aliyezaliwa Chake Chake, baba aliyezaliwa Kuze, shangazi aliyezikwa Maskati na wajukuu wanaosoma Leicester. Ni watu wale wale, ila mipaka imewapita katikati.

Lakini historia haikupi paspoti. Sheria ya kila nchi ina hesabu yake, na hesabu hizo hazifanani. Nitazitaja tatu zinazotugusa zaidi.

Ya kwanza ni Uingereza. Kuna jirani yangu ambaye alihamia huko akifanya kazi, familia ikabaki hapa. Mwanawe wa kwanza alizaliwa Mombasa mwaka 2009. Baba alipata uraia wa Uingereza mwaka 2013. Mwana wa pili akazaliwa Mombasa mwaka 2015. Mama ni huyo huyo na hospitali ni hiyo hiyo. Wa pili ni Mwingereza tangu alipozaliwa, na kinachohitajika ni kumwombea paspoti tu. Wa kwanza si Mwingereza, kwa sababu siku aliyozaliwa babake alikuwa bado hajawa raia. Kabla hajatimiza miaka 18 anaweza kuombewa kuandikishwa, lakini hilo ni ombi linalotegemea uamuzi wa serikali ya huko, na ada yake si ndogo. Akivuka umri huo, mlango huo unafungwa. Baba alidhani akipata yeye, wote wamepata. Miaka ikapita, na mtoto sasa anakaribia ukingoni.

Kuna jambo jingine la Uingereza ambalo halifahamiki sana. Anayezaliwa nje na kupata uraia kupitia kwa mzazi, kwa kawaida hawezi kumpa mwanawe anayezaliwa nje vile vile. Urithi huo husimama kizazi cha kwanza. Huyu mtoto wa 2015, akija kuoa na kuzaa Mombasa, watoto wake hawatakuwa Waingereza hivi hivi tu.

Na wale wanaosema, "Babu yangu alikuwa na pasi ya Mwingereza, nitaidai," naomba niwape ushauri wa bure kabla hawajamlipa dalali. Zanzibar ilikuwa himaya, na mwambao wetu ulikuwa himaya pia. Mwenyeji wa himaya alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, hakuwa raia wake. Hadhi hiyo haikuja kurithiwa na wajukuu. Ile pasi ya babu iwekeni vizuri kwa kumbukumbu, na inaweza kusaidia kuonyesha alizaliwa wapi na lini, lakini msiiuzie ng'ombe mkitumaini italeta London.

Ya pili ni Tanzania, na hapa ndipo watu wetu wanapojiingiza matatani bila kujua. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamruhusu mama kumpa mtoto uraia hata akizaliwa nje ya nchi. Hilo ni jema. Lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wawili. Mtoto wa baba wa Mombasa na mama wa Tanga anaweza kuwa raia wa kote kuwili akiwa mdogo, ila anapofika miaka 18 Tanzania inamtaka achague. Asipoukana ule mwingine kwa utaratibu uliowekwa, wa Tanzania unamponyoka.

Sote tunajua watu wenye kipande cha Kenya mfuko huu na kitambulisho cha Tanzania mfuko ule. Wanasema ni cha kupitia Lunga Lunga na Horohoro bila usumbufu, au cha kufungulia duka Tanga. Kenya haina ugomvi na jambo hilo ikiwa wewe ni raia wa kuzaliwa na umetangaza. Tanzania inao. Mtu huyo akikorofishana na mshirika wake wa biashara, au akipata adui mmoja tu anayejua siri hiyo, anaweza kupoteza duka, shamba na jina.

Kwa miaka mingi Watanzania wa ughaibuni wameomba uraia pacha, na jibu la serikali yao limekuwa njia ya kati: hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliokwisha kuwa raia wa nchi nyingine. Mwenye hadhi hiyo anapata wepesi wa kuingia, kukaa na kumiliki mali, lakini hawi raia na hapigi kura. Kwa Mombasa na Kwale, ambako maelfu ya nyumba zina mama au bibi wa upande wa pili wa mpaka, hii ndiyo habari ya kufuatilia. Ni heri hadhi ndogo iliyo halali kuliko kitambulisho kikubwa cha kuficha.

Ya tatu ni Oman, na hapa ndipo dadangu aliponyamaza kwenye simu. Oman ilitoa sheria mpya ya uraia mapema mwaka 2025, lakini msingi wake haukubadilika: mtoto ni Muomani kupitia kwa babake. Mama Muomani aliyeolewa na mgeni hampi mwanawe uraia ila katika hali chache mahususi. Na Muomani haruhusiwi kuwa na uraia mwingine pasipo idhini ya Sultani.

Basi tuitazame hali ya kijana wetu. Kenya inasema wewe ni wetu tangu kuzaliwa, hatukutaki ukane chochote. Oman inasema wewe ni wetu kwa babako, na hatukubali uwe wa mwingine. Akija kuchukua kitambulisho na paspoti ya Kenya, Oman inaweza kuhesabu kwamba amejichagulia uraia wa pili. Kazi yake iko Maskati, na kaburi la babake liko huko. Mama na nyumba wako hapa.

Nilimwambia dadangu kwamba sheria haiwezi kumkatia shauri mwanawe. Inaweza tu kumwonyesha atakachokipata na atakachokipoteza, naye aamue macho yakiwa wazi. Na kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, azungumze na wakili anayejua sheria za Oman. Wa hapa peke yake hatoshi.

Hata hivyo kuna kazi moja ya kufanya sasa hivi, aamue au asiamue. Ni kukusanya ushahidi kwamba siku ile ya mwaka 2003 mamake alikuwa raia wa Kenya. Hapo ndipo safari yetu ilipokuwa ngumu.

Dadangu alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, kama walivyozaliwa wengi wa rika letu. Cheti chake cha kuzaliwa kilichukuliwa miaka mingi baadaye alipohitaji kwenda shule ya upili. Jina la babetu humo limeandikwa Mohamed, kwenye kitambulisho chake ni Muhammad, na kwenye paspoti aliyosafiria mwaka wa ndoa ni Mohammed. Cheti cha nikaha kimeandika jina lake na "binti" katikati. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kilichotolewa Oman kwa Kiarabu, kilipotafsiriwa kikaja na jina la mama ambalo halifanani na lolote kati ya hayo. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja na kila mtu mtaani anamjua. Kwa karani aliye nyuma ya dirisha, ni wanawake watano.

Alipofika ofisi moja kuuliza utaratibu, akaombwa vyeti vya kuzaliwa vya babu na bibi. Bibi yetu alizaliwa Unguja kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Cheti atakitoa wapi? Na kwa nini kihitajike? Katiba inauliza kama mama wa mtoto alikuwa raia. Haiulizi bibi wa mama alizaliwa wapi. Mama ana kipande cha Kenya tangu ujana wake, amepiga kura, amesafiri na paspoti ya Kenya. Serikali ilishakubali mara tatu kwamba yeye ni wake, kisha inapofika zamu ya mwanawe inaanza kuuliza upya.

Hili tunalijua kwa jina la msasa. Vijana wetu wenye majina ya Kiarabu, Kisomali au ya visiwani wamepigwa msasa miaka na miaka wanapoomba kitambulisho, huku wenzao wa kaunti nyingine wakichukua cha kwao na kwenda zao. Februari 2025, akiwa Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa huo wa ziada. Ni hatua njema. Lakini tangazo la rais na mazoea ya dirishani ni vitu viwili, na anayeshindana na mazoea hayo ni mwananchi aliyepoteza siku ya kazi kwenye foleni.

Tusisahau pia wale ambao hawakuwa hata na uraia wa kwanza. Wamakonde wa Kwale ilibidi watembee kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wasikilizwe. Wapemba waliokaa Kilifi na Kwale kwa vizazi walisubiri mpaka mwaka 2023 kupata vitambulisho. Watu hao walizaliwa hapa, wazazi wao walizaliwa hapa, na walichokosa ni karatasi tu. Tukizungumza juu ya paspoti ya pili, tukumbuke kuna jirani zetu ambao juzi tu ndio wamepata kipande cha kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulikwepa: kutangaza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka Mkenya anayepata uraia wa pili kuitaarifu serikali katika muda wa miezi 3. Kutotangaza ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Wengi wanaficha kwa hofu kwamba wakisema, watanyang'anywa cha Kenya. Hofu hiyo inatokana na sheria ya zamani. Leo ukiwa raia wa kuzaliwa hunyang'anywi kwa kutangaza. Kinachokuweka hatarini ni kuficha.

Kesi ya Miguna Miguna imetufundisha kitu. Alifukuzwa nchini Februari 2018 kwa madai kwamba alipochukua uraia wa Kanada, wa Kenya ulimtoka. Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba yeye ni Mkenya wa kuzaliwa na kumfukuza hakukuwa halali. Alirudi mwaka 2022, baada ya serikali kubadilika. Haki ilikuwa yake muda wote huo, lakini miaka ilipita nje ya nchi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wakili mwenye sauti kubwa, kijana wa Kibokoni asiye na wakili atakuwaje?

Na tunapoelekea uchaguzi wa 2027, wanaotaka viti wasikie mapema. Kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa dola kuwa na uraia wawili. Hiyo ni pamoja na gavana, mbunge na hata mwakilishi wa wadi. Sheria ya Uongozi na Maadili inamtaka aliyechaguliwa aukane ule wa pili kabla ya kushika ofisi. Wapo wanaosamehewa, kama majaji, makamishna, na mtu ambaye nchi nyingine imemfanya raia kwa sheria yake bila kumpa njia ya kujitoa. Lakini usingojee siku ya kuapishwa ndipo uanze kutafuta fomu ya kukana uraia wa Uingereza. Mpinzani wako atakuwa ameshafika mahakamani.

Baada ya yote hayo, ninaona nini?

Naona kwamba sheria zimesogea upande wa mama. Uingereza ilimpa mama haki hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 1983, Tanzania mwaka 1995, nasi mwaka 2010. Oman bado. Lakini mama zetu ndio wenye karatasi dhaifu kuliko wote. Wao ndio waliozaliwa nyumbani bila cheti, walioolewa kwa nikaha isiyosajiliwa, waliobadilishiwa jina na kila karani. Tuliandikisha watoto wa kiume kwa sababu walihitaji kazi bandarini, wa kike tukaona ataolewa. Hilo serikali haikutufanyia. Tulijifanyia sisi wenyewe. Leo watoto wa mabinti hao wanalipa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo machache. Kila nyumba ifungue sanduku la mama kabla mama hajaondoka. Tafuteni cheti chake cha kuzaliwa, na kama hakipo, anzeni usajili wa kuchelewa angali hai na walioshuhudia wangali hai. Majina yasipofanana, nendeni kwa wakili mkaandikishe hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja, na pale inapobidi mrekebishe rasmi. Nikaha iliyofungwa msikitini isajiliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitaka ndoa za Kiislamu zisajiliwe kama nyingine. Mtoto akizaliwa, awe hapa au ughaibuni, aandikishwe mapema. Cheti kilichochukuliwa miaka 15 baadaye huzua maswali ambayo cha wiki ya kwanza hakizui. Na mtoto akiwa na wazazi wa nchi mbili, andikeni tarehe tatu mahali pamoja: siku aliyozaliwa, siku ambayo kila mzazi alipata uraia alio nao, na siku atakayotimiza miaka 18. Aghlabu jibu la swali lake limo ndani ya tarehe hizo.

Na kwa serikali nina ombi moja. Mkenya aliyekwisha kutambuliwa kwa kitambulisho na paspoti asifanywe mtuhumiwa tena anapomleta mwanawe. Ofisi za uhamiaji na usajili wa watu ziwe na maelekezo ya maandishi, yaliyobandikwa ukutani, yanayosema ni karatasi zipi zinahitajika kwa mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa nje. Zikiwa tano, ziwe tano kwa Mswahili na kwa Mkikuyu. Wabunge wetu wa Pwani, ambao kila msimu wa uchaguzi hutuahidi mambo ya ardhi, waanze na hili, maana asiyekuwa raia kwenye karatasi hata hati miliki ikitolewa haitamfaa vile inavyopasa.

Dadangu amekwisha kuapa kiapo cha majina. Cheti cha mtoto kimetafsiriwa upya, safari hii na mtu anayejua jinsi tunavyoandika majina yetu. Amevitia vyote kwenye bahasha moja na kuandika juu yake jina la mwanawe. Kijana bado hajaamua. Alipopiga simu Ijumaa iliyopita mamake hakumsukuma, alimwambia tu, "Karatasi zako ziko tayari, baba. Ukizitaka, zipo kabatini."